Si kila bawasiri ni bawasiri, muulizeni shangazi yangu

Najua wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile mada ya mabinti na wanaume wenye magari, na meseji mmenitumia kibao, nyingine za matusi. Hiyo itasubiri. Leo nina jambo la nyumbani kwetu, na nakuonya mapema: kama uko mezani unashughulika na chipsi mayai, maliza kwanza.

Leo tunazungumzia huko nyuma. Ndiyo, huko huko unakofikiria, kwenye njia ya haja kubwa. Umeshaanza kucheka? Cheka tu, hata mimi nilicheka. Shangazi yangu ndiye hakucheka.

Kwetu ni Kitahana, wilaya ya Kibondo, kule juu kwa Waha, ambako asubuhi kuna baridi la kuvaa koti na kila unayepishana naye njiani anakusalimia "mwakeye" hata kama hamjuani. Krismasi ya mwaka 2023 nilikwenda likizo. Shangazi, dada yake baba, ndiye anayeshika ukoo wetu. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne kwa maharage yake. Sasa siku ile watu wote tumekaa kwenye majamvi na vigoda, tunakula ugali wa muhogo na migebuka, yeye kasimama mlangoni na sahani mkononi.

"Shikamoo shangazi. Mbona hukai?"

"Marahaba mwanangu. Mgongo huu, uzee."

Mtoto wa mjini nikaamini. Nikala, nikapiga picha, nikarudi zangu Dar. Kumbe uongo mtupu! Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa na miezi kadhaa akitokwa damu kila anapokwenda chooni, anawashwa, na akikaa anasikia kama kakalia kokoto. Alichokifanya ndicho ambacho wewe na mimi tungefanya. Alikwenda duka la dawa, akasema kwa sauti ya chini "nina bawasiri", akauziwa dawa ya kupaka. Ikaisha, akanunua nyingine. Mama mmoja sokoni akamwambia akalie maji ya moto yenye majani fulani. Akakalia. Mwingine akamwambia ni pilipili, aache. Akaacha. Damu haikuacha.

Sasa nisikilize vizuri, usije ukalala leo na presha bure. Damu ikitoka huko, mara nyingi ni bawasiri kweli, au mchubuko wa choo kigumu, mambo ambayo yana dawa. Lakini kuna saratani inayoota pale pale mlangoni, na mwanzoni inajifanya bawasiri kabisa: damu, muwasho, maumivu, kijinyama kidogo, wakati mwingine tezi kuvimba kwenye kinena. Kwa macho yako kwenye kioo huwezi kutofautisha. Muuza duka hawezi. Mama wa sokoni ndiyo kabisa. Anayeweza ni mtabibu mwenye glavu, na kipande kidogo cha nyama kinachokatwa na kupelekwa maabara. Kama wiki zinapita na dawa ya kupaka haisaidii, hapo ndipo pa kwenda.

Shangazi alikwenda Septemba 2024, baada ya binamu yangu kukuta kanga yenye damu kwenye beseni la nguo na kupiga kelele nyumba nzima. Daktari wa pale Kibondo, kijana tu wa rika langu, akamwomba alale ubavu, akavaa glavu, akapima kwa kidole. Hazikufika dakika mbili. Akamwambia, "Mama, hii sidhani kama ni bawasiri. Nakuandikia rufaa." Mwaka mzima wa dawa za kupaka, halafu dakika mbili!

Nilimuuliza baadaye kwa nini alikaa kimya vile. Akaniambia bila kunitazama: "Watu wangesema nini, mwanangu? Wangesema mume wangu alikuwa ananifanyia yale."

Hapo ndipo penye kiini cha mada ya leo, na naomba niseme waziwazi maana hapa kwetu ukurasa wa sita hatuna cha kuficha. Saratani hii mara nyingi inatokana na virusi vinavyoitwa HPV, hasa aina ya 16, wale wale wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hao wanaenea kwa ngono na kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, na wanaweza kufika huko nyuma hata kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kufanya mapenzi kinyume cha maumbile. Kufanya hivyo kunaongeza hatari, ni kweli. Lakini kunaongeza pia kuvuta sigara, kuishi na virusi vya Ukimwi, kuwahi kuugua mlango wa kizazi, na kinga ya mwili kushuka kwa sababu yoyote. Tena Marekani, ambako wanahesabu kila kitu, wanawake wanaougua ni wengi kuliko wanaume. Kwa hiyo yule mshikaji wako wa bodaboda akisema anatokwa damu huko, usianze kumtania kijiweni eti "kaanza mambo yale". Utamfanya afiche mpaka iwe noma.

Mastaa nao wamepita huko. Nyie wapenzi wa tamthilia za Marekani mnamkumbuka Bree wa Desperate Housewives, yule mama wa nywele nyekundu anayepanga nyumba mpaka inakera? Jina lake halisi Marcia Cross. Aligundulika Novemba 2017, tena kwa bahati, alipokwenda kwa daktari wa kina mama kwa uchunguzi wa kawaida na daktari akapima kwa kidole. Akapigwa mionzi mara 28 na dawa za saratani wiki mbili, akapona. Mwaka 2019 akajitokeza kwenye magazeti na televisheni akataja ugonjwa kwa jina lake, bila kuzunguka. Na kasheshe yenyewe ni kwamba mumewe naye alikuwa ameugua saratani ya koo mwaka 2009, na madaktari wakawaambia huenda zote mbili zilitokana na virusi hao hao wa HPV. Kabla yake alikuwapo Farrah Fawcett, mrembo wa Charlie's Angels ambaye bango lake lilining'inia vyumbani kwa wavulana dunia nzima. Yeye aligundulika 2006, ikaja ikasambaa hadi kwenye ini, na akafariki tarehe 25 Juni 2009. Siku hiyo hiyo akafa Michael Jackson, ndiyo maana wengi hamkusikia.

Twende sasa kwenye tiba, maana hapa ndipo penye habari ambayo mimi mwenyewe sikuijua mpaka ilipobisha hodi kwetu.

Zamani dawa ilikuwa kisu. Daktari anakata sehemu yote ya chini, anaziba, na haja kubwa inatokea tumboni kwenye mfuko mpaka siku ya kufa. Shangazi aliposikia habari hiyo kwa mgonjwa mwenzake alisema bora azikwe na kinyama chake. Lakini kuna daktari mmoja wa upasuaji wa Detroit kule Marekani, Norman Nigro, ambaye miaka ya 1970 alijaribu kitu. Aliona kabla ya kukata, ampe mgonjwa mionzi pamoja na dawa mbili za saratani, ili uvimbe upungue na kisu kipate kazi rahisi. Mwaka 1974 akaandika habari za wagonjwa watatu tu. Wawili walipofanyiwa upasuaji, kwenye nyama iliyokatwa hawakukuta saratani hata chembe. Wa tatu alikataa kukatwa, akasema hapana asanteni, na saratani haikuonekana tena. Yaani daktari wa kisu kagundua kwamba kisu hakihitajiki! Sijui kama alifurahi au alihuzunika.

Watu watatu si ushahidi, utasema. Uingereza wakafanya utafiti mkubwa wenye wagonjwa 585, nusu mionzi peke yake, nusu mionzi na dawa kwa pamoja. Majibu yakatoka 1996. Waliopata mionzi tupu, karibu 60 kati ya kila 100 ugonjwa ulibaki au ukarudi pale pale. Waliopata vyote viwili, chini ya 40. Toka hapo huo ndio ukawa mtindo, na kisu kikawekwa akiba kwa wale ambao ugonjwa umegoma.

Kwa nini viwili vinashinda kimoja? Daktari wa Mwanza alimweleza shangazi kwa mfano wa magugu, akaelewa kuliko mimi. Mionzi ni jembe, inakata. Seli ya saratani ikikatwa inajaribu kujishona usiku ili asubuhi iendelee. Dawa ile inaizuia kujishona. Kesho jembe linarudi na kuikuta bado ina kidonda.

Nimesema Mwanza. Zamani mtu wa Kigoma akihitaji mionzi ilikuwa ni safari ya Dar, pale Ocean Road, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa 1897 mbele ya bahari. Barabara yenyewe imeshabadilishwa jina ikawa ya Obama, lakini hospitali imegoma kubadilika, wagonjwa bado wanasema "naenda Oshenirodi". Pale mashine za kisasa za mionzi ziliingia 2018. Siku hizi Bugando nao wanatoa mionzi, na kwa mtu wa Kibondo hiyo ni nafuu kubwa. Shangazi alipanda basi asubuhi, Kakonko, Nyakanazi, Geita, mpaka Busisi kwenye kivuko, akavuka ziwa huku kasimama. Wenzake walimwonea huruma kwamba kakosa kiti. Kiti kilikuwepo.

Akafikia kwa mtoto wa mdogo wake pale Mabatini. Vipimo vikachukua muda: kukata kinyama, kusubiri maabara, skani ya tumbo kuona kama imefika kwenye ini, kupima damu, kupima virusi vya Ukimwi. Hicho cha mwisho kilimkosesha usingizi siku mbili, lakini daktari alimweleza kwamba hata wenye virusi wanatibiwa saratani hii, wanaendelea tu na ARV zao. Ini likaonekana safi. Oktoba 2024 wakaanza.

Ratiba yake ilikuwa hivi. Mionzi mara 28, Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi anapumzika, jumla wiki tano na nusu hivi. Mionzi yenyewe haiumi hata kidogo, unalala, mashine inazunguka, dakika chache umemaliza. Siku ya kwanza akawekewa mitomaisini kwenye mshipa, ina rangi ya zambarau, akasema inafanana na juisi ya zabibu. Halafu dawa ya pili, fluorourasili, ikaingia kwa dripu siku nne mfululizo wiki ya kwanza, na tena siku nne wiki ya tano. Wengine badala ya dripu hiyo wanapewa vidonge vya kapesitabini, wanameza siku za mionzi. Daktari ndiye anayechagua, usiende na gazeti hili kumbishia.

Wiki mbili za kwanza alikuwa anatuchekesha kwenye simu. "Mbona rahisi hivi? Wazungu wanatutisha." Wiki ya tatu simu zikapungua. Wiki ya nne alikuwa analia.

Sitaki nikudanganye, mpenzi msomaji. Ngozi ya huko inaungua. Inakuwa nyekundu, inachubuka, inatoa maji, na kwenda chooni kunakuwa mtihani wa taifa. Juu ya hapo tumbo linaendesha, mwili unaishiwa nguvu, mdomo unatoka vidonda, na chembechembe nyeupe za damu zinashuka, kiasi kwamba homa kidogo tu ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, si ya kumeza panadol na kulala. Binamu alikuwa anamwekea beseni la maji ya vuguvugu akae, anamkausha kwa kitambaa laini bila kusugua, hakuna sabuni ya kunukia, hakuna chupi ya kubana, ni kanga tu. Muuguzi alimpa dawa ya maumivu na ya kupaka, akamwambia asione aibu kuomba zaidi. Kwa mabinti mnaosoma hapa: mionzi hiyo inaweza kuua uwezo wa kuzaa na kubana uke, kwa hiyo mwenye umri wa kuzaa aulize kabla ya siku ya kwanza, asisubiri kuambiwa.

Ijumaa moja ya Novemba, akiwa amebakiza mara nane, akanipigia. "Mwanangu, nimepanga kurudi Kitahana wiki mbili. Maharage yanahitaji palizi, na hii ngozi ipumzike. Nitakuja kumalizia."

Palizi! Nilikuwa kwenye daladala Mwenge, nikashuka kituo si changu. Nilikuwa nimeshamsikia daktari akisema kitu kimoja kuliko vyote: usikatishe. Ukiacha wiki mbili katikati, zile seli zilizobaki zinapata nafasi ya kujishona na kuota upya, na mionzi uliyokwishapigwa huwezi kupigwa tena yote kuanzia mwanzo. Ngozi ikizidi, daktari ndiye anaamua kupumzisha siku mbili tatu, siyo mgonjwa na palizi yake. Nikamwambia shangazi, wewe ndiye uliyenikataza kuacha shule kidato cha tatu nilipotaka kwenda kuchimba dhahabu Geita. Kimya. Nikamwambia maharage tutalipa vibarua. Kimya tena. Halafu akauliza, "Vibarua wa bei gani?"

Hapo nikajua tumeshinda. Tukachanga sisi watoto wote wa ukoo, wa Kasulu, wa Kibondo, wa Dar, hata yule binamu wa Kigoma mjini ambaye harambee huwa anazima simu. Sehemu ya pesa ikaenda kwa vibarua, sehemu ikabaki Mabatini kwa chakula na nauli ya kupanda Bugando kila siku. Akamaliza mara zote 28 mwisho wa Novemba.

Ukadhani kasheshe limeisha? Januari 2025 alipopimwa bado kilionekana kijiuvimbe. Kikao cha ukoo kikakaa. Baba mdogo akasema wamekula hela zetu, mionzi imeshindwa, mzee mmoja wa jirani akaleta tena habari za majani. Wengine wakataka akatwe haraka kabla hakijasambaa. Daktari wala hakubabaika. Akasema saratani hii inaendelea kuyeyuka polepole hata baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo wanasubiri hadi wiki ya 26 toka tiba ianze ndipo waseme lolote, ilimradi uvimbe haukui. Na hakujitungia. Uingereza walifanya utafiti mwingine, wagonjwa 940, majibu yakachapishwa 2013. Wengi waliokuwa bado na uvimbe kwenye wiki ya 11 walikutwa safi kwenye wiki ya 26. Kwenye wiki hiyo ya 26, karibu 9 kati ya 10 ya waliopimwa uvimbe ulikuwa umetoweka kabisa. Wangekimbilia kisu mapema, wangekata watu waliokwishapona.

Ile miezi ya kusubiri ilikuwa mibaya kuliko mionzi, anasema mwenyewe. Aprili akapimwa tena. Kidole, kisha skani. Hakuna kitu.

Anaendelea kwenda kliniki, maana ikirudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, na ikishikwa mapema kisu bado kipo. Choo bado kinamharakisha, akisikia lazima aende saa hiyo hiyo. Safari ya Julai 2025 alivuka kwa lile daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka huo. Alinipigia akiwa juu yake. "Nimekaa dirishani," akasema. Nikamwambia angalia ziwa basi. Akasema anaangalia, nisimsumbue.

Mtoto wa binamu, ana miaka 11, amechomwa chanjo ya HPV shuleni. Tanzania ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Siku ya chanjo shangazi alimsindikiza mwenyewe, na akina mama waliokuwa kwenye foleni walipouliza alikuwa anaumwa nini mwaka ule mzima, akawaambia. Kwa Kiha, neno lenyewe, bila kuzunguka. Wawili wakaja nyumbani jioni ile kumuuliza mambo yao. Mmoja keshakwenda kupimwa, ni bawasiri, katibiwa. Wa pili anasubiri majibu ya maabara.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwa mabinti na wanaume wenye magari, na wewe dada wa Tabata uliyeuliza kama umrudishie pete yule bwana wa Kariakoo, jibu lako ninalo, usimrudishie kwanza.